Wasomaji Wanauliza: Wikiendi za Mgeni Mtwara na Lindi

Bandari, gesi, korosho, shule na hospitali zinailetea mikoa ya Kusini wageni wengi kutoka nchi jirani. Barua za toleo hili zote zimetoka kwao. Siku za kazi zinapita bila shida, lakini Jumamosi ikifika wanakaa ndani kwa kutojua waende wapi, au wametoka mara moja wakarudi wamevunjika moyo. Barua tumezifupisha, majibu hatukuyafupisha.

Mimi ni Mkenya wa Eldoret, fundi mitambo, nimehamia Mtwara Mjini kwa mkataba. Nimeenda Shangani kuogelea Jumamosi asubuhi zaidi ya mara moja, nikakuta bahari imekimbia mbali, kumebaki mawe na matope. Wenyeji wananiambia tu "maji yamekupwa." Je, kuna ratiba? Na kuna ufukwe mwingine wa karibu?

Ratiba ipo, ndugu yetu, na ukishaijua utaacha kwenda Shangani kwa kubahatisha. Bahari yetu hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, na kinachoamua saa ni mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti inapita mita 3. Siku hizo maji hujaa mnamo saa 10 jioni, na hupwa mnamo saa 4 asubuhi. Ndiyo saa uliyokuwa ukifika wewe. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: bahari hujaa kiasi mnamo saa 4 asubuhi, hupwa mnamo saa 10 jioni, na hata ikipwa haiendi mbali.

Kwa hiyo tazama mwezi Ijumaa usiku. Ukiwa mzima, kesho yake nenda kuogelea kuanzia saa 8 mchana. Ukiwa nusu, ingia majini saa 2 asubuhi na utoke kabla ya adhuhuri. Jedwali za maji zipo pia kwenye simu, ila hakikisha umechagua Mtwara, maana saa za bandari nyingine hazilingani na za kwetu sawasawa.

Maji yakipwa usione siku imeharibika. Huo ndio wakati wa kutembea kwenye mwamba na kuwaona kina mama wakichokoa pweza mashimoni. Vaa viatu vya plastiki vinavyofunga mguu. Ndala hazifai, kwa sababu zinachomoka kwenye matope na ukikanyaga wale wanyama wa miiba mirefu myeusi, mwiba unakatikia ndani ya nyama. Ukichomwa na samaki mwenye sumu anayejificha kama jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa dakika 30 au zaidi. Joto hupunguza nguvu ya sumu hiyo. Kisha nenda Hospitali ya Ligula bila kusubiri. Na jambo ambalo wageni wengi hawalijui: maji yakianza kurudi huja polepole saa ya kwanza, halafu saa ya tatu na ya nne yanakwenda mbio. Mifereji iliyo nyuma yako, upande wa nchi kavu, ndiyo hujaa kwanza. Ukiona kina mama wanafunga vikapu, na wewe geuka.

Kuhusu fukwe nyingine, anza na Msanga Mkuu, ng'ambo ya bandari. Unavuka kwa kivuko kutokea Msemo, mchanga ni mweupe na wikiendi watu si wengi. Kabla hujashuka, uliza kivuko cha mwisho cha kurudi ni saa ngapi. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo huongezeka mchana na ghuba huchafuka, kwa hiyo kama utavuka kwa mashua ndogo, nenda mapema na usipande bila jaketi okozi.

Msimbati ni kama kilomita 45 na inataka siku nzima. Ipo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Utalipa kiingilio kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa hiyo uwe na salio kwenye simu, na ubaki na fedha taslimu za chakula na dharura kwa sababu huko hakuna benki. Upande wa Ruvula kina kirefu kiko karibu sana na ufukwe. Hapo unaogelea hata maji yakiwa yamepwa, lakini mkondo una nguvu, kwa hiyo asiyejua kuogelea asipite maji ya kiunoni. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi hupita pwani hii, na asubuhi tulivu huonekana wakipuliza maji.

Watu hupenda kuendesha magari kwenye mchanga wa Msimbati, na ndipo wageni wanapoharibikiwa. Ingia maji yakiwa yanakupwa, wala si yakiwa yanajaa. Punguza upepo wa matairi hadi kama psi 20, pita kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, na usisimame kwenye mchanga mkavu wa juu. Gari likianza kuzama acha kukanyaga mafuta, kwa sababu kila mzunguko wa tairi unachimba shimo zaidi. Toka, chimba mbele ya matairi kwa koleo, weka mbao au makuti, ondoka taratibu kwa gia ndogo. Beba pampu ya kurudishia upepo kabla ya kushika barabara, na ukifika nyumbani osha gari kwa chini kwa maji baridi, la sivyo chumvi itaanza kula chuma.

Kama huna gari na una nusu siku tu, panda daladala au bajaji uende Mikindani, kilomita 10 hivi. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekarabatiwa na linapendeza, na ni hapo Mikindani alikopita David Livingstone mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho barani. Ila mji wenyewe ndio wa kuutazama: milango ya mbao, kuta za mawe na chokaa, vichochoro vinavyopanda mlimani. Nenda saa 10 jioni jua likilegea.

Neno moja kwako wewe wa nyanda za juu. Mwili wako haujazoea malaria kama wa mtu wa hapa. Jioni ufukweni vaa nguo ndefu na ujipake dawa ya mbu, na homa yoyote itakayokuja wiki moja au mbili baada ya matembezi, kapime siku hiyo hiyo.

Nikitoka wikiendi nibebe pasi ya kusafiria, au kitambulisho cha kazi kinatosha? Na naweza kuvuka kwenda Msumbiji Jumamosi nikarudi Jumapili? (Mzambia, Mtwara)

Mjini, nakala ya pasi na ya kibali cha ukaazi zinatosha. Ukielekea upande wa Mto Ruvuma beba pasi yenyewe. Tangu mwaka 2017 kuna vita katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, na ukaguzi ni wa kawaida. Jibu kwa utulivu, sema unakokwenda na unakolala. Usipige picha bandari, mitambo ya gesi ya Madimba, wala askari na vizuizi vyao.

Usikubali kuvushwa kwa mtumbwi hata kama wenyeji wa kijijini wanavuka kila siku kwenda shambani au msibani. Wewe huna mhuri, na mto una mamba na viboko. Njia ya uhakika ni Daraja la Umoja, Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010. Kutoka Mtwara kupitia Masasi na Mangaka ni zaidi ya kilomita 300. Hiyo ni safari ya likizo, na kabla hujaipanga pita ofisi ya Uhamiaji ujue masharti ya kibali chako na hali ya upande wa pili.

Mimi ni muuguzi kutoka Mbarara, Uganda, nafanya kazi Lindi Mjini. Nina watoto wa miaka 8 na 11. Nataka kuwapeleka Kilwa Kisiwani kwa basi, Jumamosi na Jumapili. Inawezekana?

Inawezekana, Mama, na tunakupa heko kwa kuwawazia watoto jambo kubwa kama hilo. Cha kujua mapema ni kwamba Jumamosi ni siku ya njia, Jumapili asubuhi ndiyo siku ya kisiwa. Ukijaribu kubana vyote ndani ya siku moja, utafika magofuni saa 7 mchana, jua likiwa utosini na watoto wakiwa wamechoka.

Jumamosi panda basi la mapema linalokwenda Dar es Salaam na umwambie kondakta akushushe Nangurukuru. Mkumbushe tena mkikaribia, kwa maana ni njia panda tu na basi halikai. Hapo utapata gari dogo la kwenda Kilwa Masoko, mwendo usiozidi saa moja. Kabla hujatafuta chakula, nenda kwanza kwenye ofisi inayosimamia magofu, hapo Masoko. Huruhusiwi kutembelea kisiwa bila kibali chao, na Jumapili asubuhi unaweza kumkosa mwenye kukitoa. Beba pasi na kibali chako cha ukaazi kwa sababu kiingilio cha mgeni, cha mkaazi na cha raia vinatofautiana. Dai risiti. Mwongoza watalii mpate ofisini hapo hapo. Mtu anayekufuata barabarani akidai yeye ndiye mwongozaji, mwombe mwende naye ofisini.

Jioni hiyo hiyo teremka bandarini mkapatane na mwenye boti. Kisiwa kiko kama kilomita 2 tu, lakini mapatano yawe kamili: bei ni ya kwenda na kurudi, atawasubiri, na jaketi okozi zipo za saizi ya mtoto. Ziombe uzione kwa macho. Mashua ya tanga ni nafuu na tulivu, ila upepo ukigoma mtachelewa basi. Kwa safari yako chukua ya mashine.

Jumapili ondokeni bandarini saa 12 na nusu asubuhi. Hakuna duka la kutegemea kisiwani, kwa hiyo bebeni maji lita 2 kwa kila mtu, kofia, chapati au mihogo ya kuchemsha. Mkishuka mtakutana kwanza na Gereza, ngome ya Waomani iliyosimama palipokuwa na ngome ya Wareno ya mwaka 1505. Watoto watataka kukaa hapo, waacheni dakika 20, kisha nendeni Msikiti Mkuu. Waonyeshe dari: kuba na matao ya mawe ya matumbawe yaliyoshikana kwa chokaa, jengo lililoanza karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji huu. Jirani kuna msikiti mdogo wa kuba, na mbele yake Makutani, magofu ya jumba la masultani. Husuni Kubwa, kasri ya sultani yenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane linalotazama bahari, iko mbali kidogo upande wa mashariki. Kama watoto wamechoka, mwombe nahodha awazungushe kwa boti mpande kutokea ufukweni, ila hilo lipatane na maji. Husuni Kubwa usiiache. Ukiwa na nafasi ya kuona vitu viwili tu kisiwani, viwe Msikiti Mkuu na hiyo.

Wakataze kupanda kuta, na wasichukue vigae vya vyungu vilivyotapakaa chini. Kila kigae kinawaambia wataalamu jambo kwa sababu ya mahali kilipolala; kikitiwa mfukoni kinakuwa kipande cha udongo tu.

Rudini Masoko kabla ya saa 5 asubuhi na mwelekee Nangurukuru moja kwa moja. Mabasi yaliyotoka Dar es Salaam alfajiri hupita hapo kuanzia mchana, na mengi yamejaa. Mkate nafasi mapema kwa simu kama kampuni inaruhusu, na siku ya Jumatatu asubuhi usijipangie zamu.

Songo Mnara, ambayo pamoja na Kilwa Kisiwani iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, iache kwa safari nyingine isiyo na watoto wadogo. Boti ni ya mwendo mrefu na mahali pa kushukia pamezungukwa na mikoko. Mkifika maji yamepwa mtatembea kwenye tope la magotini.

Natoka Gitega, Burundi. Joto la Mtwara limenichosha na ninakumbuka milima. Je, kuna sehemu ya baridi huku?

Ipo, kaka. Panda Uwanda wa Makonde uende Newala ukalale usiku mmoja. Pembezoni mwa mji kuna mahali panaitwa Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka chini yako hadi milima ya Msumbiji. Kwa mtu wa Gitega hapo patakutuliza moyo. Juni na Julai upepo wa jioni ni wa koti. Kwa kuona mbali, wakati mzuri ni mara mvua zinapokwisha, Mei na Juni. Kuanzia Agosti watu huchoma mashamba na moshi huufunika upande wa pili. Asubuhi kunaweza kuwa na ukungu, hivyo usikate tamaa kabla ya saa 4. Kaa mbali na ukingo. Udongo wa juu ni wa mchanga na unabomoka.

Barabara ya Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, ni lami. Kutoka Mnivata kupitia Tandahimba, uliza madereva siku moja kabla, hasa mvua za Desemba hadi Aprili, kwa sababu magari hukwama. Beba maji yako: uwanda huu hauna mito, na tangu zamani maji ndiyo shida yake kubwa.

Njiani na sokoni utakuta ming'oko, vizizi vya porini vyembamba kama kidole, vinauzwa vimeshachemshwa. Muuzaji atakupa na chumvi iliyochanganywa na pilipili. Unashika ncha moja, unavua ganda kwa kucha, unachovya, unakula polepole. Kwenye msimu wa korosho, Oktoba na Novemba, utapewa pia mabibo, yale matunda ya mkorosho. Kula ukiwa umeinama, kwa sababu maji yake yakidondokea shati hayatoki. Korosho mbichi yenye ganda usiivunje kwa meno: mafuta ya ganda yanababua midomo.

Wikiendi nyingine nenda Masasi, kilomita 201 kupitia Mnazi Mmoja, lami mwanzo hadi mwisho. Ni mji uliozungukwa na majabali makubwa ya mawe. Usipande bila kijana wa mahali hapo, na usijipake manukato, kwani nyuki hukaa kwenye mianya. Karibu na Masasi kuna Lupaso, kijijini kwa Rais wa zamani Benjamin Mkapa, alikozikwa Julai 2020.

Mimi ni mwalimu kutoka Huye, Rwanda, nafundisha Lindi. Nimesikia mifupa ya dinosaria ilichimbwa hapa. Naweza kwenda kuiona?

Kuiona mifupa, hapana, iko Berlin. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba kilima cha Tendaguru, kama kilomita 60 kaskazini magharibi mwa Lindi, na kuchukua zaidi ya tani 200. Waliochimba na kubeba ni watu wa huku, mamia kwa mamia, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, na mizigo ilikwenda kwa miguu, kichwani na mabegani, hadi bandari ya Lindi. Mnyama mmoja aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin ana kimo cha mita 13.27. Aliishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Waingereza nao walichimba hapo kati ya mwaka 1924 na 1931.

Tendaguru yenyewe leo ni kilima, kichaka na mashimo ya zamani. Tunasema hivi wazi kwa sababu wengi hufika wakitarajia makumbusho, wakaona wamepoteza mafuta. Lakini kwa mwalimu anayetaka kuwasimulia wanafunzi wa Lindi jambo lililotokea kwao, safari hii ina thamani kubwa kuliko ufukwe wowote. Nenda kati ya Julai na Oktoba, kwa gari la magurudumu manne lenye tairi mbili za akiba, mafuta ya kwenda na kurudi ukiwa umeyajaza Lindi. Anza kwa ofisi ya kijiji cha Mipingo, jitambulishe, omba mtu wa kukuongoza na umlipe siku nzima. Ondoka Lindi alfajiri ili urudi kabla ya giza, kwa maana ukikwama jioni hutapata wa kukuvuta. Ukiokota kipande kinachofanana na mfupa, kitazame na ukirudishe pale pale.

Majirani wamenialika kwenye ngoma ya kumtoa mwali Jumamosi. Mimi ni mgeni kutoka Lubumbashi. Niende? Nivae nini? Nipige picha?

Nenda, dada. Kualikwa kwenye unyago ni heshima. Vaa kitenge au khanga, na ulize wenzako kama wanashona sare. Ikiwa wanashona, changia kitambaa mapema. Peleka zawadi ya kumtunza mwali, fedha ndogo ndogo zilizochenjiwa, kwa sababu utatunza zaidi ya mara moja. Mambo ya ndani ni ya wanawake waliopita humo. Ukiambiwa usubiri nje, subiri bila kuuliza sababu. Simu iache kwenye pochi mpaka mama mwenye shughuli mwenyewe akuruhusu, na hata hapo wapige picha wachezaji wa uwanjani tu, mwali usimpige picha. Ngoma hukesha, kwa hiyo mpange mapema dereva wa bodaboda unayemfahamu, na umwambie saa ya kukufuata.